Macho Yako Ni Mazima, Rudi Nyumbani

Haya maneno nimeyaandika kwa vipande, siku nne nzima, kwa sababu mimi na skrini tuna mkataba siku hizi. Naandika dakika ishirini, halafu nasimama dirishani naangalia matangi ya maji ya majirani hadi macho yatulie. Kama wewe pia unaishi kwa kuhariri video unajua hiyo ni hasara ya kiasi gani. Lakini wengi mmekuwa mkiniuliza kwa nini navaa miwani nyeusi hata nikiwa ndani ya nyumba, na kuna mmoja aliandika ati nimeanza kujiona staa. Sasa wacha niseme, halafu tuendelee na maisha.

Ni mwaka wa nne huu. Ilianza na pua. Upande wa kushoto ulikuwa unaziba usiku, asubuhi napiga chafya kumi mfululizo kabla hata sijashika simu, na kamasi badala ya kutoka mbele inashuka nyuma, inakaa kooni kama ugali uliokataa kumezwa. Harufu ilipotea polepole. Niligundua siku jirani alipobisha kuniambia maharagwe yangu yanaungua, na mimi niko hatua mbili kutoka kwa jiko. Halafu ikaja presha nyuma ya jicho la kushoto, kama mtu ameweka kidole gumba hapo ndani anasukuma. Jicho linatoa machozi bila kulia. Baadaye kabisa yakaja mambo ya kuona vitu ambavyo haviko, na hapo ndipo niliacha kulala.

Jibu nililopewa na kila mtu, kuanzia kwa mama mboga hadi kwa watu waliovaa koti jeupe, lilikuwa neno moja: sainasi.

Nina maoni kuhusu hilo neno. Kenya tuna magonjwa matatu ya watu wazima. Ukiwa na joto mwilini ni malaria au taifodi. Ukiumwa popote kati ya kifua na kiuno ni ulsa. Ukiumwa popote juu ya shingo ni sainasi. Unaambiwa na kondakta, unaambiwa na pasta, unaambiwa na shangazi ambaye naye aliambiwa na mtu kwa harusi. Na neno likishakukalia, hakuna anayeuliza swali la pili.

Sainasi zenyewe si ugonjwa. Kila mtu anazo. Ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, jozi nne: kuna vya mashavuni, vya juu ya nyusi, vile vidogo vidogo vilivyopangana kama sega la nyuki kati ya macho, na vingine ndani kabisa nyuma ya pua. Vyote vina vijitundu vya kumwaga maji yake puani. Vijitundu vikivimba na kuziba, uchafu unabaki ndani na mtu anaumwa. Mara nyingi kinacholeta hiyo hali ni homa ya kawaida, yaani virusi, na inaisha yenyewe. Ikipita wiki 12 bila kuisha, hapo ndipo madaktari wanaiita sugu. Ukuta kati ya jicho na vile vyumba vya katikati ni mfupa mwembamba sana, hata jina lake la Kilatini linaulinganisha na karatasi. Kwa hivyo si ujinga mtu kuwaza kwamba pua inaweza kusumbua jicho. Inaweza. Swali ni kama ndiyo inayosumbua langu, na hilo swali lilichukua miaka mitatu kabla mtu aniulize.

Katikati hapo nilipewa amoksilini mara sita kwenye chemisti tofauti tofauti, na hakuna hata moja waliponiuliza kamasi ina rangi gani. Dawa ya bakteria haiui virusi, na haiui vumbi. Nilijifukiza kwa mwarobaini, nikajifukiza kwa mchaichai, nikajifukiza kwa kitunguu hadi landilodi akauliza kama nimefungua hoteli. Mvuke unafungua pua kwa muda, hiyo nakubali, lakini chunga sana na watoto, ile sufuria ya maji moto ikipinduka ni hadithi nyingine. Mtu mwingine alinishauri maziwa ya mama anayenyonyesha, matone mawili kwa jicho. Hapo nilisema asante, nikabadilisha mada.

Ile siku ya taa nilikuwa nahariri ruracio ya klaienti wa Thika. Saa sita usiku, kila mtu amelala, niko na vipokea sauti masikioni. Doa likatokea kwa uso wa bibi harusi. Nikafikiria ni pikseli imekufa. Nikafuta skrini na kitambaa. Doa likahamia kwa ukuta. Likaanza kukua, likawa upinde wenye meno kama ya msumeno, unang'aa na kutetemeka, rangi ya fedha na samawati kidogo. Nikafunga jicho la kushoto, bado lipo. Nikafunga la kulia, bado lipo. Nikafunga yote mawili, na manze, bado lipo, gizani, linacheza. Lilienda likipanuka polepole hadi likatoka kwa ukingo wa macho. Dakika ishirini na tano hivi kwa saa ya kompyuta. Halafu kichwa kikafika, upande wa kushoto, na pua ikaziba, na jicho likaanza kutoa machozi.

Lazima nieleze kwa nini niliogopa vile. Guka wangu, baba ya mama, alikufa kipofu. Alikuwa na presha ya macho, ile inayoitwa glakoma, na ilimla polepole bila maumivu hadi siku moja akashindwa kujua ni nani ameingia kwa mlango. Nilikuwa na miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kumshika mkono hadi chooni na kumsomea gazeti. Nilijua tayari kwamba huo ugonjwa unafuata damu. Kwa hivyo nilipoona ile taa sikufikiria sainasi, nilifikiria mkono wa Guka. Na nilifikiria kwamba mimi kazi ninayoijua ni moja tu, na inafanywa na macho.

Kliniki ya macho nilifika asubuhi na mapema, nikalipa Sh 1,500 ya kuonwa. Walinipima vizuri, sitawalaumu kwa hilo. Waliweka matone ya kupanua mboni, wakapima presha: 14 upande mmoja, 15 upande wa pili, na kawaida ni kati ya 10 na 21. Wakaangalia nyuma ya jicho, kwa mshipa na kwa retina. Daktari akazima tochi akasema, "Macho yako ni mazima, rudi nyumbani."

Ilipaswa kuwa habari njema, na kwa dakika tano ilikuwa. Glakoma hakuna. Nilimpigia mama Molo, akashukuru Mungu kwa sauti hadi watu wa matatu wakanitazama. Lakini nikiwa bado kwa hiyo matatu, mboni zimepanuka kama za paka, jua la Thika Road linanichoma, nikaanza kuuliza: sasa nini kilikuwa kile? Jicho zima halioni msumeno usiku. Na ukishaambiwa uko mzima, kuumwa kwako kunageuka tabia. Wiki iliyofuata upinde ulirudi. Nikamwambia mama, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, si daktari alisema uko sawa?" Hakusema kwa ubaya. Klaienti naye alisema kwa ubaya.

Mnisikie vizuri, yule daktari hakukosea. Alichunguza jicho na jicho lilikuwa sawa. Shida ni kwamba sentensi yake iliishia katikati. Ilihitaji maneno mengine machache tu: jicho ni zima, kwa hivyo tutafute kwingine. Kwenda nyumbani si kwingine.

Kwingine nilikutafuta mwenyewe. Nikapata rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, nikangoja wiki saba. Akataka picha ya skani ya CT ya uso. Sh 8,500. Chama chetu kilinikopesha, na mweka hazina bado ananitumia ujumbe kila tarehe tano kama alamu. Siku ya matokeo daktari aliweka picha kwa mwangaza, akanionyesha vile vyumba: vyeusi, vyeusi, vyeusi. Kwa skani hewa ni nyeusi, na uchafu ungeonekana kijivu. Sainasi zangu zilikuwa tupu kabisa. Miaka mitatu ya amoksilini ya kutibu vyumba visivyo na kitu ndani.

Pua yenyewe ndiyo ilikuwa mgonjwa. Nyama za ndani zilikuwa zimevimba kwa mzio. Watu wa Nairobi hapa hupenda kulaumu jakaranda ikichanua, lakini miti ya maua makubwa hivyo huchavushwa zaidi na wadudu, si upepo. Washukiwa wa kawaida ni nyasi, vumbi, moshi, na wale wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi ndani ya godoro. Mimi godoro langu nililinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Basi.

Nilipewa spreyi ya kila siku na nikaambiwa kitu ambacho chemisti zote sita hazikuwahi kusema: usielekeze katikati ya pua, elekeza upande wa nje, kama unalenga sikio la upande huo huo, na usitarajie muujiza siku ya kwanza kwa sababu inachukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Hii si ile spreyi ya kufungua pua mara moja. Hiyo ya haraka ukiitumia zaidi ya siku chache mfululizo, pua huziba zaidi ukiiacha, na unabaki mtumwa wa chupa. Nikaanza pia kuosha pua kwa maji ya chumvi. Maji lazima yachemshwe kwanza yapoe, usichukue moja kwa moja kwa mfereji, kuna vijidudu ambavyo tumboni havina neno lakini kwa njia ya pua ni hatari.

Mwezi mmoja baadaye nilisikia harufu ya mvua. Nilitoka nje nikasimama kwa parking ya watu nikinusa kama mbwa.

Lakini kichwa kilibaki. Upinde ulibaki.

Aliyenifungulia mlango ni jirani wa ghorofa ya chini, mama wa Mombasa, mtu mzima, hupika mahamri ya kuuza. Alinikuta kwa ngazi nimekaa nimeshika uso, nguo za kuanika zikiwa chini. Akainama akaniangalia. "Mwanangu, kinakupanda upande mmoja?" Nikasema ndiyo. "Na mwanga hutaki?" Ndiyo. "Na kichefuchefu?" Ndiyo, mama. Akasema, "Hicho kipandauso. Marehemu mama yangu alikuwa nacho. Ingia ndani, funga pazia."

Kipandauso. Nimesoma Kiswahili hadi kidato cha nne, nikapata A ya kuchapa, na hilo neno nilikuwa nalipita kwa kamusi kama jina la ndege wa Pwani. Kitu kinachopanda uso. Watu wa Pwani walikuwa na jina lake tayari, linalosema kila kitu, na sisi huku bara tukakopa sainasi.

Nilirudi hospitali, safari hii ya kaunti, nikaonwa na klinikal ofisa kijana tu, pengine rika langu. Sikumwambia nina sainasi. Nilimwambia nina kichwa cha upande mmoja, kinadunda, kinadumu siku nzima, na kabla yake naona mwanga wa msumeno kwa dakika ishirini na tano. Aliweka kalamu chini. Akaniambia hilo neno la kizungu, migreini, na ule mwanga unaitwa aura, na hautoki kwa jicho, unatoka kwa ile sehemu ya nyuma ya ubongo inayotengeneza picha. Ndiyo maana nikifunga macho bado upo.

Na pua kuziba na machozi? Kuna neva moja kubwa ya uso yenye matawi matatu, inahisi kipaji, jicho, pua, shavu na taya. Kipandauso kikiiwasha, inaweza kuvuta na zile neva zinazoendesha machozi na kamasi. Kwa hivyo unapata kila dalili ya sainasi na sainasi ziko safi. Baadaye nilijisomea. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa watu 2,991 ambao walijisema, au waliambiwa na daktari, kwamba kichwa chao ni cha sainasi. Walipochunguzwa, asilimia 88 walikuwa na dalili za migreini. Isome tena hiyo namba, halafu ufikirie amoksilini yote iliyouzwa.

Kuna swali alilouliza yule klinikal ofisa ambalo hakuna mwingine aliwahi kuuliza, na wasichana naomba msikie hapa. Aliniuliza natumia nini kupanga uzazi. Vidonge. Vya aina gani? Akaangalia pakiti nilipomletea, akasema vile vyenye estrojeni haviendani na migreini ya aura, vinaongeza uwezekano wa kiharusi. Nikabadilishiwa siku hiyo hiyo. Miaka miwili nilikuwa navimeza, nikienda kliniki hii na ile, kila mtu anaangalia pua. Si kusema mtupe vidonge vyenu leo. Ni kusema kama unaona taa kabla ya kichwa, mtaje hiyo taa kwa anayekupa vidonge.

Aliniuliza pia nameza panadoli ngapi. Nilihesabu, karibu kila siku. Ukizitumia siku 15 au zaidi kwa mwezi, dawa ya kichwa yenyewe inaanza kuleta kichwa. Sasa niko kwa kidonge kidogo cha usiku cha kuzuia, ambacho asili yake ni dawa ya sonona, na vichwa vimetoka vinne kwa wiki hadi vitatu au vinne kwa mwezi. Kinanipa usingizi mzito na mdomo mkavu. Nalipa hiyo bei.

Ningependa kuishia hapo lakini kuna kitu kimoja kimebaki. Naona chenga. Zile za televisheni ya zamani ikikosa stesheni, vidoa vidogo vidogo vinavyochemka juu ya kila kitu, ukutani, angani, kwa uso wa mtu. Mchana, usiku, macho wazi, macho yamefungwa. Haviumi, havikui, haviendi. Ndiyo sababu ya miwani nyeusi, maana mwanga mkali unavichochea. Wataalamu wa nje wameipa hali hiyo jina lenye maana ya theluji. Theluji! Mimi theluji yangu ni ile ya Kirinyaga kwa picha. Inapatikana sana kwa watu wenye migreini, wengi wao pia husikia mlio masikioni, uchunguzi wa macho hutoka safi, inaaminika ni ubongo unavyochakata picha, na dawa ya kuiondoa bado haijapatikana. Nilipomwuliza daktari wa neva kwa nini mimi, alisema, "Sijui." Nilitaka kumkumbatia. Ni mtu wa kwanza aliyesema hajui bila kunirudisha nyumbani. Alinipangia tarehe ya kurudi na akaniambia niandike kila kitu kwa daftari.

Kabla sijasahau, mambo ya chemisti na matone. Chupa za matone zenye deksamethasoni zinauzwa kama peremende. Jicho likiwasha unapewa, likiwa jekundu unapewa. Nilipewa na mimi, nikasoma karatasi ya ndani nikairudisha. Hizo ni dawa nzuri zikisimamiwa na mtu wa macho, lakini ukizitumia kwa muda mrefu zinaweza kupandisha presha ya jicho bila wewe kusikia chochote, na zinaleta mtoto wa jicho. Mjukuu wa Guka hawezi kucheza na hiyo. Na kama una homa ya pua halafu kope inavimba, jicho linatokeza nje, kulizungusha kunauma, unaona vitu viwili viwili au kuona kunafifia, usinisome mimi, chukua boda uende hospitali saa hiyo, hata kama ni usiku. Ule ukuta wa karatasi niliousema ndio huo.

Kazi bado nafanya. Nimeacha harusi za usiku kucha; nachukua video fupi, skrini nimeipunguza mwanga hadi mteja akikaa kando yangu anauliza kama stima imepotea. Deni la chama limebaki Sh 2,000. Godoro nilinunua jipya, na jirani wa mahamri huniita Jumamosi nile ya bure ya kuvunjika.

Mama alikuja kutoka Molo mwezi uliopita, akakaa wiki. Nilimchorea zile chenga kwa karatasi, nikijaza vidoa kwa kalamu hadi ukurasa ukajaa. Aliishika ile karatasi muda mrefu, akaikunja, akaitia kwa kibeti. Siku hizi akipiga simu, kabla ya kunipa habari za viazi, ananiuliza, "Leo ni nyingi ama ni kidogo?"

Namwambia leo ni kidogo. Wakati mwingine namwambia ni nyingi, na anasema haya, pumzika, nitakupigia jioni.